Ukuta wa picha za Kifaransa kwenye chumba cha uchoraji, Tanga: nichague zipi, nichape vipi?

MwalimuWaRangi (Tanga)

Assalaam alaykum wakuu, na habari za mchana kwa wote.

Naomba msaada wa wanaozijua picha za Kifaransa za karne ya 17 hadi ya 19, hasa zile za maisha ya kila siku (jikoni, mezani, watoto wakicheza), na zile za uso mmoja ambazo mchoraji anachunguza tabia au hisia ya mtu. Shule ina chumba cha uchoraji chenye ukuta mtupu wa mita 6. Nataka kutundika nakala kama 12, wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu wajifunzie hapo muhula mzima. Sitaki ziwe pambo.

Yanayonikwaza ni haya. Nikifungua tovuti za makumbusho naona mwanamke mmoja kaitwa "Msichana anayesoma", mwingine katajwa kwa jina lake na la mumewe, na kwa macho yangu wote ni wa aina moja. Nitajuaje ipi ni picha ya sura ya mtu fulani, ipi ya mtu wa kubuni, na ipi ni tukio? Halafu, makumbusho gani yanaruhusu kupakua na kuchapa bure, na faili liwe kubwa kiasi gani? Chumba kina madirisha upande wa bahari, na unyevu wa huku kwetu mnaujua. Mwisho, wakishatazama nataka wachore wenyewe, kwa vifaa vinavyopatikana madukani hapa mjini.

Fedha iliyopo inatosha kuchapa na kununua hadibodi. Fremu za vioo hazimo kwenye hesabu.

BomaKongwe (Bagamoyo)

Wa alaykum salaam mwalimu. Nitashika swali la kwanza, mengine wenye ufundi wao watakuja.

Usianze na jina la picha. Majina mengi unayoyaona hayakutolewa na mchoraji. Yalitolewa na wachonga mabamba ya chapa, na wauzaji, na walioandika orodha za mnada, mengine mchoraji akiwa ameshakufa zamani. Anza na macho. Je, kuna kazi inayofanyika? Nguo ni za siku ile au ni za jukwaani? Nyuma ya mtu kuna chumba chenye sakafu na vyombo, au ni rangi tupu?

Chukua "Mtumishi wa jikoni" ya Jean Siméon Chardin, ya mwaka 1738, iliyoko National Gallery of Art, Washington. Mwanamke ameketi kwenye kiti kifupi, kisu mkono mmoja, figili nusu imemenywa mkono wa pili. Chini kuna boga, figili ambazo hazijaguswa, bakuli la maji lenye zilizokwisha kumenywa, na gogo la kukatia nyama. Kazi imesimama: hamenyi, anatazama pembeni, mahali ambapo sisi hatupaoni. Huwezi kusema ana huzuni, wala huwezi kusema amechoka. Hiyo ndiyo picha ya maisha ya kila siku kwa ukamilifu wake: vyombo vimepewa uzito sawa na uso, na hakuna anayekuhubiria. Tazama mwanga ulivyogusa figili iliyomenywa kuliko zile zenye udongo. Wanafunzi wakae na sehemu hiyo moja tu kwa dakika kumi, wataelewa Chardin alikuwa nani.

Sasa ona jinsi maneno ya wengine yanavyoweza kuharibu. Chardin huyo huyo alichora mwanamke aliyerudi kununua mahitaji, "La Pourvoyeuse", ya 1739, iko Louvre, Paris. Mikate mikubwa ameitua kwenye kabati, nyama imefungwa kwenye kitambaa inaning'inia mkononi, chupa ziko sakafuni. Mwaka 1742 Lépicié alichonga bamba la picha hiyo ili nakala ziuzwe, na chini yake yakawekwa mashairi yanayomwambia mwanamke yule kwamba, kwa jinsi anavyoonekana, hata bila kupiga hesabu, anachota fedha za matumizi ya nyumba ajinunulie nguo. Kwenye turubai hakuna dalili yoyote ya wizi. Lakini aliyenunua chapa alisoma shairi kwanza, akaona mwizi. Ukiandika vibao vya maelezo ukutani, kumbuka kwamba una nguvu hiyo hiyo ya Lépicié.

Jambo jingine la Chardin: alirudia picha zake mwenyewe. Huyo mnunuzi wa mahitaji yuko Louvre, yuko Berlin, yuko Ottawa. Mtumishi wa jikoni yuko Washington na yuko Munich. Ukipakua, nakili namba ya kumbukumbu ya makumbusho na mwaka kutoka ukurasa ule ule, la sivyo utatundika picha ya Ottawa ukiandika Louvre.

Tuje kwenye nyuso. Hapa kuna mafungu mawili yanayochanganywa sana.

Fungu la kwanza ni vichwa vya hisia. Hivi vilikuwa somo rasmi. Charles Le Brun alitoa mhadhara wake kuhusu hisia katika Akademia ya Kifalme ya Uchoraji na Uchongaji, Paris, mwaka 1668, ukachapwa 1698, na hoja yake kuu ni kwamba nyusi ndizo zinazoonyesha hisia kuliko kiungo kingine chochote cha uso. Mwaka 1759 Comte de Caylus akaanzisha tuzo ya wanafunzi wa Akademia kwa kuchora kichwa chenye hisia. Jean-Baptiste Greuze alivichora kwa wingi. Joseph Ducreux akajichora mwenyewe akipiga miayo na kujinyoosha, mwaka 1783. Iko Getty, Los Angeles, na ni picha ambayo mwanafunzi hawezi kuipita bila kusimama. Louis-Léopold Boilly akaja kujaza nyuso 35 kwenye ubao mmoja, kila moja na hisia yake, uko kwenye makumbusho ya Tourcoing, kaskazini mwa Ufaransa. Na kati ya 1823 na 1828 akatoa mfululizo wa chapa za mawe (litografia) za watu wanaokunja nyuso.

Fungu la pili ni watu wa kubuni wa Jean-Honoré Fragonard, wa miaka ya kuzunguka 1769. Mtu ameonyeshwa nusu mwili, nguo za kizamani za maigizo, shingo imegeuzwa kwa nguvu, nyuma hakuna kitu, na rangi imepakwa haraka kiasi kwamba unaona kila mpito wa brashi. Mbili kati ya hizo zina karatasi ya zamani nyuma inayosema zilichorwa kwa muda wa saa moja. "Msichana anayesoma" ya Washington imo katika kundi hili. Tazama ukosi wake: mikunjo imekwaruzwa kwa ncha ya mpini wa brashi rangi ikiwa mbichi. Eksirei imeonyesha kuwa chini ya uso huo kuna uso mwingine uliokuwa ukimtazama mtazamaji. Fragonard aliufuta akageuza kichwa upande.

Kwa hiyo swali lako, mwalimu, hata wataalamu liliwasumbua. Muda mrefu watu hawa walihesabiwa kuwa wa kubuni tu. Mwaka 2012 ikajitokeza Paris karatasi moja yenye michoro midogo 18 ya mkono wa Fragonard, na karibu kila mchoro una jina chini yake. Kumbe wengi ni watu halisi waliovalishwa nguo za mchezo. Ukiandika kibao cha Fragonard usijifunge: andika "mtu aliyechorwa katika mavazi ya kubuni". Hilo ni kweli kwa vyovyote vile.

Na usisahau ndugu watatu Le Nain wa karne ya 17. "Mlo wa wakulima" ya 1642 na "Familia ya wakulima ndani ya nyumba" ziko Louvre. Walitia sahihi ya jina la ukoo tu, ndiyo maana hadi leo watu wanabishana nani alichora ipi. Andika "Le Nain" basi, utakuwa salama.

PichaNaUbao (Tanga)

Mwalimu karibu sana, mimi nitaongelea kuchapa na kutundika.

Pa kupakua: National Gallery of Art ya Washington, Metropolitan Museum of Art ya New York, Art Institute of Chicago na Getty zote zina picha nyingi za kazi za zamani zilizo huru kabisa, unapakua na kuchapa bila kuomba ruhusa. Makumbusho ya jiji la Paris yalifungua za kwao mwaka 2020, na humo mna Petit Palais na Cognacq-Jay, hiyo ya mwisho ni nyumba ya karne ya 18 tupu. Louvre ni tofauti. Orodha yao yote iko mtandaoni tangu Machi 2021, lakini picha zina masharti yake, kwa hiyo soma masharti kabla ya kupeleka faili dukani. Kwenye ukurasa wa kila picha tafuta alama ya CC0 au maneno yanayosema haina haki miliki. Usichukue faili kutoka matokeo ya kutafuta picha: rangi zimechezewa na kingo zimekatwa.

Ukubwa wa faili hesabu hivi: sentimita gawa kwa 2.54, zidisha kwa nukta unazotaka kwa inchi. Kwa picha inayotazamwa kutoka hatua moja, nukta 200 zinatosha. Mtumishi wa jikoni ni sentimita 46.2 kwa 37.5. Ukitaka uichape kwa ukubwa wake halisi unahitaji pikseli 3,638 kwa 2,953. Na hapa una bahati: ukubwa huo unaingia kwenye karatasi ya A2 na kubaki na ukingo mweupe wa sentimita 2.25 kila upande, 6.6 juu na chini. Nakushauri kwa nguvu zote, picha za Chardin zilizo ndogo zichape kwa ukubwa halisi. Mwanafunzi aone kwamba kile kitu kinachosifiwa dunia nzima kinabebeka kwapani.

Fragonard ya msichana ni 81.1 kwa 64.8, haiingii A1 kwa upana. Usihangaike na A0. Punguza iingie A2, kisha chapa kipande cha ukosi na mkono kwa ukubwa halisi kwenye A4 na ukitundike chini yake. Le Nain ya familia ni 113 kwa 159. Ukutani pembeni ya nakala chora mstatili wa ukubwa huo kwa chaki.

Kuhusu idadi, 12 hazikai vizuri kwenye mita 6. A2 sita za kusimama na tatu za kulala zinakula sentimita 430, unabaki na kama 170 za kugawa mara kumi, yaani sentimita 17 kati ya picha na picha. Tisa basi. Ukizidisha jicho linashindwa kutua.

Dukani sema haya waziwazi: karatasi isiyong'aa, gramu 180 au zaidi, na wazime marekebisho ya rangi ya mashine. Hili la mwisho ndilo linaloua picha za Chardin. Mandhari yake ya nyuma ni kijivu chenye kahawia; mashine ikiona kijivu inajaribu kukisafisha, unaletewa ukuta wa bluu au wa kijani. Omba kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 10 chenye uso, nguo nyeupe na ukuta wa nyuma. Kitazame nje kivulini, usikitazame chini ya taa ya duka. Kikiwa sawa ndipo wachape zote. Usikubali turubai la mabango: nukta zake ni kubwa na linang'aa. Usikubali laminisheni pia, kwa madirisha yako ya upande wa bahari wanafunzi watajiona wenyewe badala ya picha.

Uliza wino ni wa maji (dye) au wa chembe za rangi (pigment). Wa maji jua linaunyonya upesi, nyekundu inatangulia kuondoka na nyuso zote zinageuka za wagonjwa. Kama ni wa maji tu, tundika kwenye ukuta ambao jua haliugusi saa yoyote, na weka pazia.

Kubandika: usipake gundi karatasi nzima. Gundi ya maji inavimbisha karatasi, ikikauka inavuta, hadibodi inapinda na mapovu yanabaki. Tumia gundi nyeupe ya mbao, matone madogo ukingo wa juu peke yake, karatasi ining'inie huru upande wa chini. Masika ikija karatasi itatanuka na kurudi bila kujikunja. Gundi ya unga wa ngano iache, mende na wadudu wa karatasi wataila usiku mmoja. Nyuma ya hadibodi gundisha vipande vinne vya mbao vya unene wa sentimita moja pembeni, hewa ipite kati yake na ukuta. Kuta zetu za chokaa zinatoa jasho, na hadibodi iliyolala moja kwa moja ukutani inaota ukungu upande usiouona. Kama ukipata vioo siku za usoni, kioo kisigusane na karatasi iliyochapwa. Kwa unyevu huu wino unanata kwenye kioo na hautoki tena.

Katikati ya kila picha iwe sentimita 145 kutoka sakafuni. Kama wanafunzi wanakaa kwenye viti wakichora, shusha hadi 125.

MkonoMwepesi (Bagamoyo)

Mwalimu, wenzangu wamemaliza nusu ya kazi. Mimi naongeza ya mazoezi, na nina ushauri kuhusu Greuze ambao huenda BomaKongwe asiupende: punguza Greuze. Hisia zake zimesukumwa mpaka mwisho, kila mtu analia au anainua mikono. Kijana wa kidato cha pili akianza kwa Greuze atadhani hisia ni mdomo kuwa wazi. Na "Mtungi uliovunjika" wa Louvre, wenye msichana ambaye nguo yake imelegea kifuani, haufai ukuta wa shule. Fumbo lake ni la kupoteza ubikira, na wazazi watauliza.

Zoezi la kichwa. Mahitaji: karatasi ya kaki ya A3, mkaa, chaki nyeupe, chaki nyekundu ya udongo, raba laini. Mkaa wa kupikia usitumie, una mchanga na unakwaruza. Tengeneza: vijiti vyembamba vya unene wa penseli, vimenywe maganda, vipange kwenye kopo la bati vimebanana, funga kifuniko chenye tundu moja dogo kama la msumari, weka juu ya makaa. Moshi ukikoma kutoka kwenye tundu, ondoa, acha kopo lipoe lenyewe kabla ya kufungua. Ukifungua likiwa moto, hewa inaingia na vijiti vinageuka majivu.

Funga madirisha yote kwa shuka, acha moja. Anayechorwa akae mwanga umpige kutoka juu upande mmoja. Watazamaji wasikae karibu zaidi ya mita moja na nusu.

Kosa la kwanza la kila mwanafunzi ni kuweka macho juu mno. Mstari wa macho uko katikati ya utosi na kidevu. Wapime kwa penseli mkono umenyooka. Kosa la pili ni kumtaka anayechorwa ashikilie hisia dakika ishirini. Misuli inachoka, uso unakufa, unachora kinyago. Afanye hisia kwa sekunde 30, apumzike dakika mbili, arudie. Wakati wa mapumziko wachore fuvu, shingo, masikio na nywele. Sekunde 30 ni za nyusi, kope za juu na pembe za mdomo tu, kwa mpangilio huo. Le Brun alikuwa sahihi kuhusu nyusi. Kosa la tatu ni kuchora jino mojamoja: meno yawe ukanda mmoja mwepesi, weusi wa pembeni mwa mdomo ndio unaosema kuwa uko wazi.

Sasa jambo ambalo picha hizi hazitawafundisha. Wachoraji wale walitumia karatasi ya rangi kama kivuli cha kati kwa ngozi nyeupe: karatasi inabaki, chaki nyeupe inapandisha, mkaa unashusha. Kwa ngozi zetu karatasi ya kaki ni nyepesi kuliko sehemu kubwa ya uso. Ukifuata njia yao bila kubadili, kila mtu anatoka amepakwa poda. Kwa hiyo sugua kwanza tabaka la mkaa eneo lote la uso kwa kitambaa, changanya na chaki nyekundu kidogo, hilo ndilo liwe la kati. Kisha toa mwanga kwa raba kwenye paji, mfupa wa shavu na kidevu. Chaki nyeupe iwe mguso tu kwenye pua, mdomo wa chini na nukta ya jicho. Mwanga kutoka dirisha la bahari una ubaridi, na juu ya ngozi nyeusi unaonekana vizuri sana, usiuzidishe.

Zoezi la pili ni la tukio. Mwanamke au mwanamume aketi kwenye mbuzi akikuna nazi, sinia chini, kifuu kimoja kimekwisha na kingine mkononi. Mwambie akune, halafu mwite jina. Pale anapoinua kichwa na mikono imesimama, hapo ndipo Chardin angechora. Waanze na mikono na nazi, uso waje nao mwisho, na sinia ipewe muda sawa na uso. Wakitaka kwenda kuchora kwenye soko la samaki la Deep Sea au soko la Mgandini, waombe ruhusa kwanza kwa heshima, na mchoro wamwonyeshe mwenyewe kabla hawajaondoka.

MwalimuWaRangi (Tanga)

Shukrani sana wakuu, Mungu awalipe. Nimekubali tisa. Mtungi uliovunjika nimeuondoa. Ila "Mchumba wa kijijini" wa Greuze naupenda, kwa sababu wanafunzi wanajua sherehe za posa na watakuwa na la kusema. BomaKongwe unasemaje? Na kibao cha maelezo kiwe na maneno mangapi?

BomaKongwe (Bagamoyo)

Uweke, mwalimu. Namheshimu MkonoMwepesi, na kwa kuchora vichwa ana haki. Lakini Greuze alikuwa anafanya jambo jingine: alitaka maisha ya nyumbani yabebe uzito uliokuwa umetengewa wafalme na mashujaa. Kwa daraja za Akademia, kama mwandishi wa nadharia ya sanaa Félibien alivyoziandika mwaka 1667, picha za historia zilikuwa juu kabisa, na picha za jikoni zilikaa chini mno. Mwaka 1769 Greuze alipeleka picha ya mfalme wa Roma ya kale Septimius Severus ili apokelewe kama mchoraji wa historia. Akademia ikampokea, lakini kama mchoraji wa maisha ya kila siku. Akaudhika, hakupeleka tena kazi kwenye maonyesho yao hadi mwaka 1800. Ukilijua hilo, ile mikono iliyoinuliwa unaielewa: ni mikono ya picha za historia imeletwa kijijini.

Kwa "Mchumba wa kijijini" kuna mtego mkubwa kwa wanafunzi wa Tanga. Wataona mzee, kijana wa kiume, binti amemshika mkono, na mfuko wa fedha. Kila mmoja atasema kijana analipa mahari. Ni kinyume. Baba wa binti ndiye aliyetoa fedha, na mfuko sasa uko mkononi mwa bwana harusi. Yule anayeandika mezani upande wa kulia si kiongozi wa dini, ni mwandishi wa mikataba. Acha kwanza wakosee, waeleze wanachoona, kisha wageuze watazame mkono wa baba ulivyo wazi na mtupu. Halafu washuke chini kabisa ya picha: kuku na vifaranga vyake.

Kibao kiwe na maneno 50 hadi 60, herufi za ukubwa wa 24, kibandikwe upande wa kulia chini, kisikae juu ya picha. Mfano:

*Jean-Baptiste Greuze (1725–1805). Mchumba wa kijijini. 1761. Rangi ya mafuta kwenye turubai, sentimita 92 kwa 117. Louvre, Paris. Mkataba wa ndoa unaandikwa nyumbani kwa bibi harusi. Kwa desturi ya Ufaransa ya wakati ule, fedha ilitoka kwa baba wa binti kwenda kwa mume. Tafuta mfuko uko mkononi mwa nani, kisha tazama mikono ya watu wengine kabla ya nyuso zao.*

Unaona hakuna "picha hii inatufundisha". Toa jambo moja ambalo jicho haliwezi kujua lenyewe, kisha waelekeze pa kutazama. Kama hutaki kufichua suala la fedha mapema, kifunike kibao kwa karatasi kipindi cha kwanza.

PichaNaUbao (Tanga)

Kidogo tu hapo: faili la Mchumba ni la Louvre, kwa hiyo rudi kwenye masharti niliyosema. Kama yakikusumbua, Metropolitan wana "Mayai yaliyovunjika" ya Greuze huyo huyo, ya 1756, sentimita 73 kwa 94, ni huru. Ila fumbo lake ni lile lile la mtungi, ingawa hapo nguo zote zimekaa sawa.

MwalimuWaRangi (Tanga)

Nimeelewa. La mwisho: kuna zile nyuso tano za Géricault za wagonjwa wa akili, zinavutia sana. Nazo niweke?

MkonoMwepesi (Bagamoyo)

Kwa kidato cha pili ziache, mwalimu. Ni kazi kubwa, zilichorwa mwanzoni mwa miaka ya 1820 na zinahusishwa na daktari wa magonjwa ya akili Georget. Lakini majina ya magonjwa yaliyobandikwa kwenye nyuso zile hayakutoka kwa Géricault, na wanafunzi wataanza kutafuta ugonjwa kwenye macho ya watu badala ya kutazama jinsi uso ulivyojengwa. Baadaye watu wa darasani wataitwa majina hayo.

Nafasi hiyo mpe Honoré Daumier, "Behewa la daraja la tatu", Metropolitan, ya 1862 hadi 1864 hivi, sentimita 65.4 kwa 90.2. Mbele ameketi mama anayenyonyesha, bibi mwenye kapu, na mtoto aliyelala. Nyuma wamejaa abiria, kila mmoja na uso wake. Kwa hiyo ina tukio na ina tabia za watu mahali pamoja. Na ina faida ya darasani ambayo nyingine hazina: haikumalizwa, na mistari ya miraba ya kuhamishia mchoro bado inaonekana juu ya rangi. Kuza faili uione mistari hiyo, hasa sehemu nyepesi. Kisha wape wanafunzi mchoro wao wa mkunaji nazi wa A3, wapige miraba ya sentimita 3 kwa penseli nyepesi, na kwenye karatasi mbili za manila zilizounganishwa wapige miraba ya sentimita 6. Wahamishe mraba kwa mraba wakianzia ule wenye mikono. Namba waziandike pembeni, A, B, C juu na 1, 2, 3 kushoto, kwa sababu anayehesabu kwa macho akifika katikati lazima aruke mraba mmoja na kichwa kinaangukia begani.